Kicheko cha Barazani kwa Nelson

Tukuyu nzima hakukuwa na mpiga picha wa kumfikia Tulinagwe. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, mkono kiunoni, kamera ikining'inia kifuani kama mtoto asiyetaka kushuka. Na mwenyewe ndiye aliyemalizia kabla hujafungua mdomo: "Maana tuko wawili tu, na mwenzangu jicho lake la kupigia lina mtoto wa jicho."

Studio yake ilikuwa Bagamoyo, na usiiwazie bahari, ni mtaa wetu wa hapahapa mjini. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia, cha nyuma cha kusafishia. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti chenye mkono mmoja, na maua ya plastiki ambayo yalishawahi kushikwa na kila bibi harusi kuanzia Ibighi mpaka Kisondela. Watu walikaa pale wamekakamaa kama wanaosubiri sindano. Walimu wanaohamishwa, wauguzi wanaotaka paspoti za kupeleka chuoni, watoto wa kipaimara. Hao ndio waliokuwa wakileta chumvi na mafuta ya taa nyumbani.

Lakini moyo wa Tulinagwe haukuwa kwenye pazia. Ulikuwa barabarani. Alipiga mama anayemwogesha mtoto kwenye karai, wanaume wanaosukuma lori la chai lililozama kwenye tope, mzee aliyesinzia akiegemea mkungu wa ndizi anaouza. Akishazisafisha anazibandika kwenye ubao nje ya studio, na watu wanakuja kujitafuta kama wanaotafuta majina ya waliofaulu.

"Nani atanunua picha ya mtu anamenya viazi?" mumewe Ezron alimuuliza siku moja.

"Anayemenya. Ameinama vibaya. Atainunua ili majirani wasiendelee kuiona."

Na kweli alikuja kuinunua, akiwa na gauni la Jumapili, na akataka apigwe nyingine ameketi wima.

Ezron alikuwa mpima kahawa wa ushirika mpaka siku walipokuja wanunuzi binafsi na mizani yao wenyewe. Ushirika ukapunguza watu, na Ezron akapunguzwa. Alichobaki nacho ni koti zito la kijivu walilogawiwa enzi zile na sauti ya kumkemea mtu anayetaka kuongezea mawe kwenye gunia. Hakukuwa tena na gunia la kukemea. Akawa anaamka, anavaa koti, anakwenda sokoni kusimama. Akirudi anakuta chakula kimetokana na kamera ya mkewe, anakila kimyakimya, kisha anapata la kulaumu kwenye chumvi.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapunguzwa na mtu, nacho kilikuwa mila. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, mmoja akikohoa mwingine anajificha; ndiyo heshima, wazee wanaita kutila. Vijana wa mjini walishaanza kuilegeza, wakisema tumeshakuwa Wakristo na tumeshaanza kuvaa mitumba. Siyo Ezron. Mwanawe Ambilikile, fundi magari kule Mbeya, alipomwoa Atupele na kumwacha nyumbani awe karibu na mama mkwe wake, Ezron mwenyewe alikata mianzi akajenga uzio kati ya nyumba kubwa na jiko, ili mtoto wa watu apike bila wasiwasi. Tangu hapo hakukosa kujisifu popote wazee walipokaa.

"Mimi mkamwana wangu hata sura simjui," alikuwa akisema. "Mkimleta hapa na wenzake, nitamsalimia mwingine nikidhani ndiye."

Uzio ule baadaye ulitoboka tundu. Tulinagwe alipouliza, Ezron alisema ni kuku.

Na kulikuwa na siku nyingine, wakati wa kula, alipodondosha neno: "Huyo mtoto wa jikoni mbona siku hizi amepungua mashavu? Mpe maziwa."

Kijiko cha Tulinagwe kilisimama hewani. "Umemwona wapi mashavu?"

"Nimesikia hatua zake. Hatua za mtu aliyekonda zinajulikana."

Tulinagwe akampa mtoto maziwa. Muda si mrefu ikajulikana kwamba Atupele ana mimba, ya kwanza baada ya miaka ya kungoja, na habari ya mashavu ikafunikwa na furaha.

*

Siku ya soko, mvua ilikuja bila kubisha hodi, kama desturi yake. Ilishuka kutoka mlimani Rungwe, ikafagia wauza maharage, ikafagia wauza maparachichi, watu wote wakakimbilia barazani kwa Nelson. Huyu Nelson alikuwa kijana wa mjini aliyefungua duka la bati na saruji mara tu biashara ilipoachiwa huru, akaandika jina lake juu ya mlango kwa herufi kubwa kuliko mlango wenyewe.

Tulinagwe alikuwa ng'ambo ya barabara, mwavuli kwapani, kamera mkononi. Upande wa kushoto wa baraza alimwona mumewe na koti lake. Katikati watu walikuwa wamesimamisha mikungu ya ndizi, na mbuzi mmoja asiye na mwenyewe alikuwa anaionja. Upande wa kulia waliingia mbio akina mama wanne wa umoja wa kanisa, wametoka mazoezi ya kwaya, wote kitenge cha bluu na vilemba vyeupe, majani ya mgomba juu ya vilemba.

Hapo ndipo afisa mmoja mgeni, Bwana Innocent, aliyehamishiwa kwetu kutoka nchi kavu wasikolijua tope, alipoamua kuvuka mtaro. Alikuwa na viatu vya kung'aa na mwavuli wa mpini wa mbao. Upepo ukaugeuza mwavuli ukawa bakuli. Bwana Innocent akaangalia juu kuona ulivyogeuka, mguu ukaenda wenyewe, naye akaketi mtaroni taratibu, kwa heshima zote, kama aliyekaribishwa.

Baraza zima likalipuka.

Mpiga picha mwingine angempiga afisa. Tulinagwe aliigeuzia kamera barazani, kwenye vicheko, akabonyeza. Kisha akaenda kumwinua mheshimiwa, maana naye ni mzazi.

Alipokuja kuisafisha picha, akiitikisa karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu, nyuso zilianza kutokea moja moja kama watu wanaotoka kwenye ukungu. Kwanza jina la Nelson. Kisha mbuzi. Kisha Ezron, kinywa wazi, pengo la mbele nje, akicheka kama ambavyo hakuwahi kucheka tangu siku ile ya mizani. Na kulia, kati ya vilemba vinne, akatokea Atupele, tumbo limefichwa na mikungu ya ndizi, kichwa amekigeuza. Kwa kuwa aliyeanguka alikuwa katikati yao, chini mtaroni, na kwenye picha haonekani, ukiitazama ungeapa kwamba baba mkwe na mkamwana wanachekeana.

"Mama yangu," Tulinagwe akasema gizani.

Alitakiwa aitumbukize kwenye ndoo ya taka. Lakini picha ilikuwa nzuri, na mikono ikakataa. Mvua ilionekana kama nyuzi, ndizi zinang'aa, hakuna hata mtu mmoja aliyekakamaa. Akajiambia kwamba nyuso ni ndogo, sare ni moja, nani atamtambua mtoto? Akaikuza kwenye karatasi kubwa, ile ndogo ya kujaribia akaitupa. Alifanya vizuri kuharakisha, maana bati la chumba cha giza lilikuwa limetoboka, mvua ikauvujia mkanda wa filamu, ukagandana wote. Picha ikabaki hiyo moja, akaibandika ubaoni.

*

Nelson alisimama mbele ya ubao mpaka wateja wake wakaenda kumtafuta.

"Mama, hii naitaka. Natengeneza kalenda ya duka, inachapwa Dar. Wenzangu wote wanaweka picha ya simba. Hapa simba katoka wapi? Mimi nataka soko letu, na jina langu hilo hapo juu linasomeka hata na asiyejua kusoma."

"Na langu?"

"Lako chini, pembeni: Picha na Tulinagwe. Halafu chumba chako cha giza nakuezekea bati jipya. Ijumaa naondoka na basi, naibeba mwenyewe. Lakini nzima, Mama. Usije ukanikatia."

Tulinagwe alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Jina lake kwenye ukuta wa kila mnunuzi wa misumari! Zahanati, shule, nyumba za wachungaji! Alikuwa ameshaanza kuchagua amringishie nani kwanza, alipomkuta Ezron ameketi mlangoni, koti mwilini, na jua linawaka.

"Umeniua," Ezron alisema.

"Mbona unaongea?"

"Andrea wa kanisani ameniita mbele ya wazee. Ananiuliza, 'Ezron, siku hizi mnachekeana na mkamwana wako hadharani?' Wote wakacheka. Mke wake ameona kwenye ubao wako. Mama Ambilikile, mimi nilikuwa mtu pale ushirika. Leo nikipita sokoni, hata muuza dagaa haniulizi bei ya chochote. Nimebaki na hili moja tu, watu wanasema Ezron anaheshimu mila. Na hilo nalo umelibandika ubaoni!"

Tulinagwe alikuwa na jibu la kuchekesha tayari, akalimeza. Aliuona mkono wa mumewe ukichezea kifungo cha koti kilichobaki na uzi mmoja. "Ulikuwa unamcheka afisa," akasema kwa upole. "Hata mbuzi anajua."

"Afisa hayumo kwenye picha!"

"Umejuaje kwamba hayumo? Umeitazama?"

"Nimeambiwa," Ezron akasema haraka, akageuka kutazama migomba.

Nyuma ya uzio, Atupele alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga. Tulinagwe alipozunguka kwenda jikoni alimkuta ameshakaza fundo.

"Mama, naomba nirudi kwetu Kisondela mpaka maneno yapoe. Wameniuliza kisimani kama baba mkwe anachekesha. Na hii mimba nimeingoja, Mama. Akina bibi wanasema ukivunja heshima mtoto anaweza..."

"Usimalizie. Ulimwona?"

"Nilimwona afisa, Mama. Miguu yake ilikuwa juu." Pembe ya mdomo wake ikatikisika, akaibana. "Baba sikumwangalia."

"Fungua hiyo kanga. Nani atanichekea vichekesho vyangu ukiondoka? Baba mkwe wako hacheki."

"Pale alicheka," Atupele akasema, kisha akajiziba mdomo.

Tulinagwe akamtazama kidogo. Akatazama uzio, na lile tundu. Lilikuwa limetobolewa vizuri, limelainishwa ukingoni hata mianzi isichubue. Akachukua ungo, akaanza kupembua maharage, na kila akipembua alikuwa anafikiri.

*

Andrea alikuja Ijumaa asubuhi kusuluhisha. Alikuwa rika la Ezron, mzee wa kanisa, na alipenda kusuluhisha nyumba zenye kuku. Alikaribishwa sebuleni, akapewa chai. Atupele alikuwa jikoni nyuma ya uzio, ambapo kila neno la sebuleni lilifika bila kupungua. Nelson naye alikuwa mlangoni na bahasha kubwa, begi la safari begani, anaangalia barabara na saa, barabara na saa.

"Shemeji," Andrea akamwambia Tulinagwe, "jambo lenyewe si kubwa. Wakiwa hawajawahi kuonana, basi hiyo ni karatasi tu. Ikatwe katikati, Ezron abaki kwake, mtoto abaki kwake, tunywe chai. Lakini baba mkwe akiwa amemtazama mkamwana, hapo kwetu anatoa jogoo, mtoto analishwa mchuzi, wazee wanaonja, na mwiko unalegea. Kutoka hapo hata mkipigwa picha mnacheza, hakuna anayeuliza."

"Jogoo yupi?" Tulinagwe akauliza.

"Yule mwekundu anaonekana amekomaa."

"Jogoo wangu amwacheni!" Ezron akasema. Alikuwa amekaa ubavu, uso dirishani, kuonyesha kwamba picha iliyolala mezani haimhusu. "Mbele ya Mungu na mbele yako, Andrea, mimi sura ya yule mtoto siijui. Sijawahi kuiona, sijawahi kuitafuta. Hata kwenye hiyo picha sijui ni yupi."

"Basi umesikia, shemeji. Kata."

"Mama, nusu soko mimi siichapi," Nelson akalalamika mlangoni. "Ukiikata kuna picha moja ya simba Mbeya, nitaipitia hiyohiyo. Na yale mabati..."

"Kijana, subiri wakubwa wamalize," Andrea akamwambia.

Tulinagwe alifuta mikono kwenye aproni. Akatazama picha yake kama kwa mara ya mwisho, ili kila mtu aone. Mvua, mbuzi, pengo la mumewe. Roho ilimuuma kweli, hapo hakuwa anaigiza. Akafungua droo akatoa mkasi wa kukatia paspoti.

"Tatizo miwani yangu sijui nimeiweka wapi," akasema. "Akina mama wanne, vilemba vyeupe vinne, mimi naona kama maboga tu. Andrea, nionyeshe mtoto ni yupi."

"Mimi? Mimi ni rika la baba mkwe, shemeji. Hata mimi simwoni."

"Nelson?"

"Mimi namjua mbuzi tu, Mama."

"Basi nitakisia. Mtoto atanisamehe, karatasi haina damu." Akaiinua picha, akaigeuza huku na huku, akaufungua mkasi. Ukauma ukingo mweupe wa juu. Ukaingia kwenye jina la Nelson, na Nelson akafumba macho. Kisha ukapinda kulia, polepole, ukishuka kwenye mvua, ukaelekea kwenye kilemba cha tatu.

Ezron alikuwa anatazama dirisha. Shingo yake ilikuwa inatazama dirisha. Macho sijui.

Mkasi ukafika juu ya kilemba, ukafungua mdomo tena.

"Gwe mwanamke, siyo hapo!" Ezron akaruka, kiti kikaanguka, mkono wake ukaukamata mkono wa mkewe. "Unampasua mtoto uso! Ana mimba!"

Maji ya chai yakasikika yakichemka jikoni. Nelson akafumbua macho, akaichomoa picha mikononi mwa wote wawili taratibu, akaiona imeumia kwenye herufi moja na mvua kidogo tu, nyuso zote salama, akaiingiza kwenye bahasha.

Andrea alishusha kikombe. "Unampasua nani, Ezron?"

"Huyo... mwanamke. Yeyote. Mtu si mtu?"

"Wako wanne," Tulinagwe akasema. "Mtoto umemjuaje ni wa tatu?"

"Nimekisia."

"Kwa hatua zake?"

Ezron aliinua kiti, akakikuta kizito. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kisha jicho lake likatua kwenye aproni ya mkewe, kwenye mfuko, palipochungulia kitu cha kung'aa. "Na hiyo ni nini?"

"Hii?" Tulinagwe akaitoa miwani, akaipuliza, akaivaa. "Kumbe ilikuwepo. Nami ni mwongo, Baba Ambilikile, tusamehane. Ila uongo wangu hauna jogoo."

"Sijawahi kumtazama," Ezron akasema kwa sauti ya chini, akimwambia Andrea, akiuambia mlango ambao Nelson alikuwa ameshaupita mbio kuwahi basi. "Nilimwona tu. Mara moja. Pale barazani, kwa bahati mbaya, mvua ilitubana. Kabla ya hapo hata kivuli, naapa."

Jikoni sufuria ilidondoka. Kikafuata kicheko, kilichobanwa kwanza kwenye kanga, kisha kikaponyoka, kicheko kilekile cha barazani. Kilipotulia, sauti ya Atupele ikaja kupitia uzio, yenye adabu zote, ikimwelekea mama mkwe kama inavyotakiwa:

"Mama, naomba umuulize Baba, yule kuku aliyetoboa uzio alikuwa na urefu gani?"